Moshi wa Nani?

Msomaji mpenzi, tunakuomba ukae nasi kidogo tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo halionekani kuwa kubwa, wala halitajwi sana katika mazungumzo yetu baada ya ibada. Jambo lenyewe ni hewa tunayoivuta katika mji wetu wa Kibaha. Hatuandiki kama mtaalamu. Sisi ni mwalimu mstaafu tu, tuliyetoka Chuo cha Ualimu mwaka 1983 na kuweka chaki chini mwaka 2021, na tunaandika kwa sababu kuna swali lililotunyima usingizi, nasi tumeona si vema kulala nalo peke yetu.

Tuanze na kisa. Jumamosi moja ya Julai 2024, jua likikaribia kuzama, tulifagia ua wetu kama ilivyo desturi. Tukakusanya majani ya mwembe na ya mkorosho, tukatia na karatasi, maganda na vifuko vya nailoni vya wiki nzima, tukawasha moto. Majani ya chini yalikuwa na unyevu, kwa hiyo moto haukuwaka vizuri, ukatoa moshi mzito mweupe. Tukavuta kiti chetu upande usio na moshi, tukakaa kusoma.

Punde si punde tukasikia hodi. Alikuwa mama jirani, ambaye mwanawe wa miaka saba ana ugonjwa wa pumu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Ahsante Mwalimu, sikai. Nimekuja kuomba tu, kama haitakuwa taabu, moto huu uwashwe saa nyingine. Mtoto kifua kimembana tangu jana."

Tukampa pole. Kisha, badala ya kuinuka, tukamfundisha. Mazoea ya miaka mingi hayaachi mtu. Tukamwambia: "Mwanangu, itazame barabara ile. Malori yanapita usiku na mchana. Moshi wa kijimoto hiki ni nini mbele ya ule? Hata tukiuzima huu, mtoto atavuta ule ule."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa adabu: "Ni kweli Mwalimu. Lakini barabara siwezi kuipigia hodi."

Akaaga, akaenda zake. Tukamwagia moto maji, si kwa toba, ila kwa haya. Usiku ule, yapata saa nane, tulisikia bodaboda ikinguruma mlangoni kwa jirani na sauti ya mama akihimiza. Mtoto alipelekwa hospitali. Alikaa siku mbili akarudi, na leo tunashukuru kuwa anacheza mpira katika uwanja ule ule tunaoufagia.

Sasa swali letu ni hili. Je, sisi ndio tuliomwuguza mtoto yule? Daktari hawezi kusema. Pengine ulikuwa moshi wetu, pengine wa barabara, pengine wa jiko la mkaa la jirani mwingine, pengine baridi tu ya Julai. Na kama hakuna awezaye kusema ni moshi wa nani, je, kosa lina mwenyewe, au limepotea hewani pamoja na moshi?

Mji wetu na hewa yake

Kabla ya kujibu, hapana budi tujue kwanza jambo lenyewe linavyokwenda, maana mtu asiyejua njia ya moshi hawezi kujua njia ya wajibu.

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, nayo iko kilomita 40 hivi magharibi ya Dar es Salaam, katika Barabara ya Morogoro. Wengi wetu tunalala hapa lakini riziki iko kule. Saa kumi na moja alfajiri vituo vya Maili Moja na Picha ya Ndege vimekwisha jaa watu, na jioni watu hao hao wanarudi wamechoka. Pamoja na mabasi na daladala hupita malori yanayobeba shehena kutoka bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Yakipanda kilima yamebeba mzigo hutoa moshi mweusi zaidi kuliko yakiwa tambarare, kwa maana injini inafanya kazi nzito. Na yakisimama msongamanoni injini inaendelea kunguruma bila kumfikisha mtu popote. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliutangaza moshi wa dizeli kuwa ni kitu kinacholeta saratani kwa binadamu. Tena gari halichafui hewa kwa moshi tu. Matairi na breki zinaposagika hutoa vumbi lake.

Kadhalika, sura ya nchi ina neno lake. Mji wetu haukukaa kama meza. Una vilima vidogo, na kati yake mabonde, na nyumba nyingi zimejengwa mabondeni. Mchana jua huipasha ardhi joto, ardhi huipasha hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo hupanda ikichukua moshi kwenda nao juu. Usiku mambo hugeuka. Anga likiwa wazi bila mawingu, ardhi hupoa upesi. Hewa iliyoigusa hupoa nayo, huwa nzito na kuteremka mabondeni, na juu yake hubaki hewa yenye joto zaidi. Hapo hewa ya chini haiwezi kupanda. Imefunikwa kama chungu kilichofunikwa kwa kawa. Moshi wowote utakaoutia ndani ya chungu hicho utabaki humo mpaka jua lije kufunua.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake na aamke saa kumi na mbili asubuhi katika miezi ya Juni, Julai au Agosti, asimame juu ya kilima, atazame bondeni. Ataona moshi wa majiko umepanda kidogo, kisha umelala kama shuka iliyotandikwa. Watoto wanaokwenda shule hupita chini ya shuka hiyo.

Hivyo majira nayo yana neno. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua huiosha hewa na vumbi hutulia. Masika yakiisha, nyakati za kusi, huja siku kavu na usiku wa baridi, na chungu hufunikwa mapema. Kuanzia Agosti hadi vuli inapokaribia huongezeka moto wa kusafisha mashamba. Katika kiangazi cha Januari na Februari vumbi la barabara zisizo na lami hutanda, lakini upepo wa kaskazi huisaidia hewa kutembea. Upepo wa bahari nao hutupunguzia joto alasiri. Ila tukumbuke kwamba umetoka mashariki, na kabla ya kutufikia umepita juu ya jiji zima. Nasi vilevile hatuubakizi moshi wetu hapa. Tunaupokea wa wengine na kuwapelekea wengine wa kwetu. Upepo hauna mpaka wa wilaya.

Na katika moshi huo wote, kinachodhuru zaidi hakionekani. Wataalamu wanasema chembe mbaya kuliko zote ni zile ndogo kabisa, ambazo upana wake haufiki hata sehemu ya ishirini ya unywele wa kichwani. Kwa udogo wake, pua na koo haviwezi kuzizuia. Zinakwenda hadi ndani ya mapafu, na nyingine zinaingia katika damu, zikaharibu moyo na mishipa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango cha chembe hizo linachokishauri, kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mwaka katika kila mita ya ujazo ya hewa hadi mikrogramu 5. Yaani kila wachunguzi walivyozidi kuchunguza ndivyo walivyozidi kuona madhara hata pale ambapo zamani walidhani pana usalama.

Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa siku nzima si chini ya mara 17,000. Mtoto hupumua mara nyingi zaidi. Chakula kibaya twaweza kukikataa, na maji machafu twaweza kuyachemsha. Hewa hatuichagui. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni la maadili, wala si la usafi tu: anayetia kitu hewani anamlisha mwenzake bila kumwuliza, na mwenzake hana namna ya kufumba mdomo.

Hesabu mbili

Turudi kwenye swali. Tulimwambia yule mama kwamba kijimoto chetu ni kidogo mbele ya barabara. Tulisema kweli. Lakini tulipokaa kufikiri, tuliona kwamba kweli ile ilikuwa nusu ya hesabu, na sisi tulikuwa tukifundisha hesabu.

Tufanye mfano kama tufanyavyo ubaoni. Tuseme mtaa una nyumba 60, na kila nyumba huchoma taka mara moja kwa wiki, kwa muda wa nusu saa tu. Kila mwenye nyumba akiulizwa atasema: "Mimi? Nusu saa kwa wiki." Naye hasemi uongo. Sasa mwulize mtoto mwenye pumu aliye katikati ya mtaa huo. Kwake yeye ni nusu saa mara 60, yaani saa 30 kwa wiki, zaidi ya saa nne kila siku ya Mungu. Wachomaji wana hesabu yao na mpumuaji ana hesabu yake, na zote mbili ni sahihi. Tofauti ni kwamba mchomaji anahesabu kilichotoka kwake, na mpumuaji anahesabu kilichomfikia.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Siku zote tumeitumia methali hiyo kuwahimiza watoto waweke akiba. Hatukupata kuwaambia kwamba kibaba cha uovu nacho hujazwa vivyo hivyo. Hakuna tone moja linaloweza kushtakiwa kwa kujaza kibaba. Lakini ondoa matone yote, na kibaba ni kitupu. Basi ni lazima kila tone liwe na sehemu yake, hata kama sehemu hiyo ni ndogo kiasi gani. Anayesema "yangu ni ndogo" amesema kweli. Anayesema "yangu ni ndogo, kwa hiyo si kitu" amekosea hesabu. Kidogo na si kitu ni namba mbili tofauti, na mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo.

Kuna shauri maarufu lililotokea nchi ya wenzetu. Msichana mdogo, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliishi kusini-mashariki ya London karibu na barabara kuu yenye magari mengi. Alikuwa na pumu kali, akalazwa hospitali mara nyingi, akafa Februari 2013 akiwa na umri wa miaka 9. Mama yake hakukubali kwamba hapakuwa na la kuuliza. Desemba 2020 afisa wa sheria anayechunguza sababu za vifo aliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake, na neno hilo likaandikwa rasmi. Katika Uingereza halikuwa limepata kuandikwa hivyo kabla yake. Angalia, msomaji, hapakuwa na dereva hata mmoja aliyeitwa kujibu. Kila mmoja wao alikuwa akienda kazini. Kifo kilikuwa na sababu, lakini sababu hiyo ilikuwa imegawanywa kwa watu maelfu, na kila mmoja alikuwa ameshika kipande kidogo kisichoonekana mkononi.

Visingizio vyetu

Tumevikusanya visingizio vinavyosemwa, na vingi vyake tumevitoa kinywani mwetu wenyewe.

Cha kwanza ni kwamba hatukujua. Hiki tunakiheshimu. Katika miaka 38 ya kufundisha, kila Ijumaa baada ya kufagia tuliwapanga watoto wawili wa zamu, tukawapa kiberiti wakachome taka za shule shimoni. Tukichukua Ijumaa 39 kwa mwaka, hiyo ni karibu mioto 1,500, na karibu mara 3,000 mtoto amesimama penye moshi kwa amri yetu. Tuliita usafi, na kwa moyo safi kabisa. Siku zile taka zilikuwa majani na karatasi. Baadaye zikaja chupa na vifuko vya plastiki, ambavyo vingine vikichomwa hutoa sumu kali, nasi tukaendelea kutoa kiberiti kile kile. Hatujihukumu kwa yale ya 1983. Lakini kutojua ni udhuru mpaka siku ya kuambiwa. Mama yule alipopiga hodi, udhuru wetu ulikwisha pale mlangoni.

Cha pili ni uhitaji. Hiki ni kizito kuliko vyote, na tunawaomba wenye gesi na umeme majikoni mwao wasikipite haraka. Mama lishe anayepika kwa mkaa hapiki kwa ukaidi. Anapika kwa kuwa mkaa hununuliwa wa siku moja, kwa kopo, na mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo sokoni kwetu. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuuvuta moshi ule, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Dereva wa lori hakuchagua injini, alikabidhiwa funguo. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba ana dhambi ya moshi ni kumkuki maskini kwa neno. Kwa hiyo tunadhani ni lazima tutenganishe haja na mazoea. Aliye na haja, wajibu si wake peke yake. Ni wetu sote kumwondolea haja hiyo, na serikali imekwisha sema jambo: mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Bali sisi mwenye ua, tuliyechoma majani ambayo yangeweza kuoza na kuwa mbolea, tulikuwa na haja gani? Hatukuwa nayo. Tulikuwa na mazoea tu, na mazoea hayapati msamaha ule wa haja.

Cha tatu ni kwamba hii ni kazi ya wakubwa. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Hakuna majani ya mwembe yatakayoacha kuchomwa yakaondoa malori barabarani. Mabasi yaendayo haraka yaliyoanza Dar es Salaam 2016, treni ya umeme iliyoanza kwenda Morogoro 2024, bajaji zinazotumia gesi asilia, hayo yote hayakuletwa na mwalimu mstaafu. Na historia inaonyesha kwamba sheria ina nguvu ambayo mawaidha hayana. Zamani petroli ilitiwa risasi, na risasi hiyo iliharibu akili za watoto duniani kote. Watu wema hawakuweza kuikwepa, maana kituo cha mafuta kiliuza hiyo tu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, ikaiacha 2021. Leo mtoto wa Kibaha havuti risasi ile, na wengi wetu hata hatukujua kwamba tulikombolewa.

Lakini tazama vilevile jinsi wakubwa wanavyochelewa wadogo wakinyamaza. Mwaka 1661 Mwingereza mmoja, John Evelyn, alimwandikia Mfalme Charles wa Pili kitabu kizima juu ya moshi wa makaa ya mawe uliokuwa ukiwadhuru watu wa London. Kikasomwa, kikasifiwa, kikawekwa. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, katika baridi isiyo na upepo, hewa ya bonde la mto Thames ilifunikwa kama chungu chetu cha Julai, nayo nyumba zote zilikuwa zikiota moto wa makaa. Kwa siku tano watu hawakuona hata miguu yao. Hesabu za wakati ule zilisema walikufa watu kama 4,000. Wachunguzi wa baadaye wamesema huenda walifika 12,000. Sheria ya hewa safi ilipitishwa 1956. Tangu kitabu hadi sheria ni miaka 295. Katika miaka hiyo yote kila mwenye nyumba alikuwa na sababu ya kusema kwamba moto wake ni mdogo na kwamba kazi hii ni ya wakubwa. Na wakubwa walikuwa na sababu ya kusema kwamba wananchi wanapenda moto wao.

Ndiyo maana tunaona kisingizio hiki kina shimo ndani yake. Mtu anayengoja sheria huku akichoma taka hatasikilizwa akiidai sheria. Atasemaje juu ya malori naye ananuka moshi? Anayeuzima moto wake hajaisafisha Kibaha, lakini amepata mdomo wa kusemea.

Cha nne hakisemwi kwa sauti, nacho ni kwamba anayeumia si mimi. Tulipowasha moto ule tulivuta kiti upande usio na moshi. Tumekirudia kitendo hicho moyoni mara nyingi kuliko chochote. Maana kama kweli moshi ule haukuwa kitu, tulisogeza kiti kwa nini? Mwili wetu ulijua tulichokataa kukijua kwa kinywa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwenye gari hufunga vioo. Mwenye nafasi hujenga kilimani mbali na barabara. Na aliye kibandani bondeni kando ya lami hubaki na hewa iliyosalia. Wanaochafua zaidi na wanaovuta zaidi mara nyingi si watu wale wale. Hapo ndipo jambo la hewa linapokuwa jambo la haki.

Jibu tulilofikia

Tulimwuguza mtoto yule? Mpaka leo hatujui, wala hatutajua. Lakini tumetambua kwamba tuliuliza swali lisilo sahihi. Tulitaka kujua kama sisi ndio sababu, ili kama si sisi tuwe huru. Mama jirani hakuuliza swali hilo. Hakusema "Mwalimu umemwuguza mwanangu." Alisema mtoto kifua kimembana, na akaomba kitu kilichokuwa mikononi mwetu kukitoa. Wajibu wetu haukuanza na hatia. Ulianza na uwezo. Tulikuwa tumekaa karibu, tulikuwa tumeambiwa, na ndoo ya maji ilikuwa hatua kumi kutoka kitini. Yule mwanasheria wa Injili alitaka apewe mpaka wa neno jirani, akapewa kisa cha mtu aliyekuwa njiani tu na ambaye majeruhi yule hakuumizwa naye. Msamaria hakuulizwa kama ndiye aliyempiga. Na ungamo letu la kila Jumapili lina nafasi ya makosa ya kutotenda pia, ingawa tukifika hapo wengi wetu huharakisha.

Jumatatu ile mama aliporudi na mtoto, tulikwenda sisi kupiga hodi. Tukamwambia tumekosa, si kwa sababu ya moto peke yake, bali kwa jibu tulilompa. Akasema, "Yamekwisha Mwalimu." Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, akatuamkia kwa sauti ndogo. Tuliona aibu kuitikia.

Tangu siku hiyo hatuchomi. Tumechimba shimo nyuma ya nyumba, majani na maganda yanaoza humo, na mchicha wetu umekubali sana. Lakini tusijivike joho. Plastiki zimetushinda; tunazikusanya kwenye gunia kungoja gari la taka, na siku gari lisipopita gunia hujaa na majirani hututazama. Maharage bado tunayapika kwa mkaa, kwa kuwa gesi ya maharage pensheni yetu haiwezi. Tunachoweza ni kuliweka jiko uani mchana, hewa inapotembea, wala si jioni chungu kinapofunikwa. Ni kidogo. Tumekwisha kubaliana kwamba kidogo si sawa na si kitu.

Na kwa kuwa gazeti hili ni la nyumba moja, tuseme na la nyumbani. Kila Jumamosi kikundi cha zamu hufagia uwanja wa kanisa letu na kuchoma majani chini ya mwarobaini. Sisi wenyewe tuliwahi kuongoza zamu hiyo na tukasifiwa kwa unadhifu. Upande wa pili wa ukuta kuna nyumba za kupanga, vyumba vingi, madirisha yanatazama kwetu. Hakuna mpangaji aliyekuja kupiga hodi. Pengine hawaoni taabu. Au pengine wanaona kwamba kanisa, kama barabara, halipigiwi hodi.

Tunapendekeza Halmashauri ya kanisa ilitazame jambo hili kabla ya Julai nyingine. Jembe la kuchimbia shimo tunalo, na Jumamosi hatuna kazi.